Uwanja wa Mishale na Usalama wa Jirani

Leo twataka kueleza namna ya kutengeneza uwanja wa kupigia mishale karibu na makazi ya watu, bila kumtia jirani hatarini. Tumechagua mfano wa Kibosho, katika mitelemko ya Kilimanjaro, kwa kuwa huko shida yenyewe yaonekana waziwazi.

Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde katika pori pana, na mshale ukikosa huanguka nyikani. Kibosho sivyo. Kihamba chapakana na kihamba, nyumba zimefichwa na migomba na mibuni, na vijia na mifereji hupita kila mahali. Nyuma ya migomba huenda yupo mama akatae majani ya ng'ombe, au mtoto achotaye maji. Mpiga mshale hawaoni, wala wao hawamwoni.

Hata hivyo mchezo huu ni mzuri. Ulirudishwa katika Olimpiki mwaka 1972, na mwaka 2016 Shehzana Anwar, mpiga mishale wa Kenya, alibeba bendera ya nchi yake mjini Rio de Janeiro. Si ajabu vijana wa shule wakiupenda. Lakini na tujue nguvu zake. Katika Olimpiki shabaha huwekwa mbali wa mita 70, na upana wake ni sentimita 122 tu. Mshale uliotoka katika upinde mzuri ulioinuliwa juu waweza kuruka zaidi ya mita 200.

Kwa sababu hiyo kanuni za dunia za mchezo huu zataka nyuma ya shabaha pabaki nafasi pana pasipo mtu. Hata wanaoanza kujifunza kwa mita 30 wahitaji nafasi hiyo ya nyuma, na nafasi pande zote mbili. Nafasi ya nyuma yaweza kupunguzwa ikiwa pana kizuizi imara, kama wavu madhubuti au tuta la udongo; lakini ua wa miti haukubaliwi. Hapo twapaswa kuangalia sana. Masale huonyesha mpaka wa kihamba, na mtu aletewapo sale kuombwa msamaha huliheshimu. Mshale hauheshimu sale. Hupenya kati ya majani na kwenda zake.

Nchi ya Kibosho imeinamia kusini, na jambo hilo latusaidia. Mstari wa wapigaji na uwe upande wa chini, na shabaha upande wa mlima, mbele ya ukuta wa udongo uliochongwa katika mtelemko. Uwe mrefu kupita shabaha, wala usiwe na mawe, maana mshale ukigonga jiwe hugeuka upande. Tena, wakielekea kaskazini, jua la asubuhi na la jioni haliwapigi machoni. Juu ya ukuta pasiwe na njia wala nyumba, na vijia vya kando vifungwe saa za mchezo, wenyeji wakiisha kupewa habari.

Kadhalika pawe na msimamizi mmoja mwenye filimbi. Milio miwili, wapigaji waje mstarini, mmoja, waanze, mitatu, wakaokote mishale, mitano au zaidi, wote waache mara moja. Mtu asiinue upinde juu wakati wa kuvuta, maana upote ukimponyoka, mshale utapita juu ya ukuta. Na ukungu ukishuka hata nyuma ya shabaha pasionekane, mchezo umekwisha kwa siku ile.

Wapo wasemao, "Ajali haina kinga." Twawajibu kwamba neno hilo ni la kumfariji aliyekwisha kujilinda, si la kumsamehe mzembe. Tusitumaini ustadi wa mpigaji, kwani hata hodari hukosa. Tutumaini udongo na nafasi.

Basi kabla ya mshale wa kwanza, mwalimu na azunguke mwenyewe nyuma ya uwanja, asimame pale apitapo jirani, ajiulize: "Mwanangu akipita hapa wakati wa mchezo, moyo wangu utatulia?" Ukisita, na arudi kushika jembe; uwanja haujawa tayari.