Tairi Halina Siri

Kijana aliniletea Probox asubuhi, chai yangu haijaisha. "Fundi, handibreki imelegea, nikazie kidogo tu." Gereji yangu iko Shika Adabu, chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara kuu ya Likoni kwenda Ukunda. Kukaza handibreki ni kazi ya dakika kumi. Lakini nilipopiga jeki nyuma nikazungusha gurudumu kwa mkono, kiganja kilikuta mahali palipolika bapa, kama ubao uliopigwa randa. Tairi la pili vilevile, na pale nyuzi za waya zilishaanza kuchungulia. Matairi ya mbele mazima.

Tairi la kawaida huisha pande zote sawasawa. Likilika bapa mahali pamoja, lilizuiwa lisizunguke hali gari liko mbioni, likaburuzwa juu ya lami. Lingekuwa moja ningesema breki imeng'ang'ania. Mawili ya nyuma, tena na waya wa handibreki umevutika, hayo ni mambo mengine.

"Mwanangu, unalizungushia wapi hili gari?"

Akacheka kwa haya, akatoa simu. Ni video ya nchi za watu: gari linakuja kasi, linageuka kufumba na kufumbua, linajipachika ubavu katikati ya magari mawili kama droo inavyorudi kabatini. "Sisi hufanya usiku, mzee. Njia ikiwa nyeupe."

Nikamweleza, na nawe msomaji nikueleze, kwa sababu jambo lenyewe si uchawi. Handibreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiivuta ukiwa mwendoni, ya nyuma yanakwama, na tairi lililokwama halina mwelekeo. Huteleza kokote linakosukumwa. Ya mbele bado yanazunguka na yanatii usukani. Basi mkia unazunguka kutaka kukitangulia kichwa. Probox ina urefu wa mita 4 na ziada. Ikikaa kimbavu imeziba upande wote wa barabara yetu, na kilichobaki kimeingia upande wa pili, au kando, penye karai la viazi na mama wa mahamri. Na lililokwisha kuteleza huwezi kuliambia lirudi.

Wa bodaboda nao wana yao. Siku ya harusi, msafara wa bibi harusi ukipita, utaona kijana amenyanyua gurudumu la mbele hewani na watu wanapiga vigelegele. Breki yenye nguvu kwenye pikipiki ni ya mbele, na usukani uko mbele. Gurudumu hilo likiwa hewani, hana hiki wala kile. Mtoto akikatiza barabara hapo, hao wanaopiga vigelegele watafanya nini?

Anayeijua Likoni anajua feri inavyotema magari. Hutoka kwa mkupuo, na kila aliyekaa foleni anataka kufidia muda wake papo hapo. Wakifika kwetu wameshapamba moto. Mwendo wa maeneo ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona hatari, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha zinahitajika mita nyingine kama 14 kusimama, lami ikiwa kavu na tairi likiwa zima. Jumla 28. Sasa weka 100. Wengi hudhani itakuwa mara mbili. La. Sekunde ile moja inakula mita 28, na breki zinataka 56, maana mwendo ukizidi mara mbili, mita za breki huzidi mara nne. Jumla 84. Kutoka gerejini kwangu hadi pale watoto wa madrasa wanapovukia nimehesabu hatua: hazifiki 70.

"Lakini mzee, mbona Safari Rally wanafanya?"

Swali zuri, nami ni mpenzi wa Safari tangu utotoni. Mbio zile zilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilikimbiwa kwenye barabara za umma zikiwa wazi. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976 katika barabara ambazo kona ikimalizika unaweza kukuta lori au kundi la ng'ombe. Usidhani walijiendea tu. Magari yalifungwa taa za ziada pembeni ili anayekuja ayaone ndani ya vumbi, na baadaye timu kubwa zikawa zinarusha helikopta mbele, kumwonya dereva kwa redio kuna nini njiani. Helikopta! Wewe wa Shika Adabu anayekuonya ni nani?

Na hata hayo yaliachwa. Baada ya 2002 Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia, na iliporudi 2021, kule Naivasha, vipande vya mashindano vilikuwa vimefungwa. Dereva huvipitia kwanza kwa mwendo wa kawaida, akiandika kila kona na kila shimo, na siku ya mbio msaidizi humsomea. Gari la kukagua njia hutangulia. Ndani kuna fremu ya chuma, kofia ngumu, mikanda inayobana mabega yote mawili. Ambulansi iko tayari.

Waitaliano walijifunza kwa machungu zaidi. Walikuwa na Mille Miglia, mbio za maili elfu kwenye barabara za kawaida, watu wamejipanga kandoni. Mwaka 1957, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari moja lilipasuka, gari likawavamia watazamaji. Walikufa dereva, mwenzake na watazamaji 9, watano kati yao watoto. Mbio hizo hazikukimbiwa tena namna ile. Mimi fundi kinachonikaa kichwani ni kwamba dereva yule alikuwa hodari kweli, na lililowamaliza ni tairi.

Sasa rudi kwenye video ya yule kijana. Nilimwambia aitazame tena. Hakuna mtu kandoni, hakuna mkokoteni, hakuna mbuzi. Nyuma ya anayeshika kamera wapo watu waliofunga mahali pale. Ufundi ule nusu yake ni dereva, nusu ni njia iliyotolewa kila kiumbe ambaye hakukubali kuwamo. Yeye alikuwa ameiga nusu moja. Saa tano ya usiku Likoni haina njia nyeupe: wapo wanaotoka zamu bandarini, wapo wanaorudi matangani. Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtakia anayeua kwa kuendesha kwa hatari hadi miaka 10 jela. Haiulizi ilikuwa saa ngapi.

Nilikataa kukaza handibreki mpaka abadilishe matairi yale mawili. Alinuna, akaenda, jioni akarudi na ya mtumba, mazuri kiasi. Nilipokuwa nayafunga akaniuliza, safari hii bila kucheka: "Basi mzee, tukafanyie wapi?"

Hapo alinishika. Nairobi wana Jamhuri, wanakokimbizia pikipiki na magari kwenye udongo uliozungushiwa kamba. Ni karibu kilomita 500 kutoka hapa. Ng'ambo hii ya feri vijana wana magari, wana hamu, na hawana hata kiwanja kimoja cha kuzungushia gari Jumapili asubuhi, chenye mtu wa kusimamia na gari la wagonjwa.

Kaunti, vilabu vya magari, yeyote mwenye shamba tambarare: matairi ya kuzungushia uwanja nimeshayaweka. Yako zaidi ya sitini nyuma ya gereji, na siyauzi.