Bandari Iliyohama Bagamoyo

Wageni wakiniuliza kwa nini mji wetu wa Bagamoyo ulidorora, huwapeleka ufukweni maji yakikupwa. Bahari huenda mbali, mashua zikabaki zimelala mchangani. Jahazi lilivumilia hali hiyo. Meli kubwa haikuweza. Mwaka 1891 Wajerumani, waliokuwa wakitutawala, wakahamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya wapagazi wa Kinyamwezi iliyoishia kwetu ilikuwa imekwisha kazi. Wafanyabiashara walihama, majumba ya mawe yakaanza kuporomoka. Baadaye Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa hapa 1981, kilituletea vijana, na vijana hupanga vyumba, hula, hununua. Majumba yale nayo yanahitaji chokaa, mafundi na familia za kuishi humo.