Tarumbeta la Cootie Williams

Katika zama za bendi kubwa za jazi nchini Marekani, walikuwapo wapiga tarumbeta walioshindana kwa wepesi wa vidole, na wengine walioshindana kwa kupandisha sauti hadi ukomo wa ala. Ama Cootie Williams, mzaliwa wa Mobile, Alabama, hazina yake ilikuwa ni kuigeuza sauti moja ikawa nyingi.

Mwaka 1929, alipotwaa nafasi ya Bubber Miley katika bendi ya Duke Ellington, alirithi pia hila ya mtangulizi wake: kikombe cha mpira, kile kile cha kuzibulia masinki, hushikwa kwa mkono wa kushoto mbele ya mdomo wa tarumbeta, kikifunika na kufunua, ilhali mpigaji anakoroma kooni, hata ikadhaniwa kuwa shaba inanena.

Asikiaye sauti hiyo katika bluzi, ambayo aghalabu huzunguka kwa vipimo 12, hudhani kuwa imeumbwa kwa malalamiko peke yake. Dhana hiyo yabatilishwa na "Concerto for Cootie", utungo wa Ellington uliorekodiwa Chicago tarehe 15 Machi 1940, ambamo lahani kuu ina vipimo 10 badala ya 8 vilivyozoeleka, na Williams kila airudiapo huivika sauti nyingine, mara ya kunong'ona, mara ya kukoroma. Kisha katikati, bendi ihamapo ufunguo, hukiweka kando kikombe akaiachia sauti pana, nzito, isiyofunikwa na kitu. Yote hayo kwa dakika tatu na ushei, kwani upande wa santuri za siku zile haukuchukua zaidi! Kwangu mimi, Ellington hakupata kumtungia mpigaji wake yeyote kitu kilicho bora kuliko hiki. Na baadaye lahani hiyo ikatiwa maneno, ikawa wimbo wa mapenzi.

Mwaka huo huo wa 1940 alihamia katika bendi ya Benny Goodman, kisha akaunda bendi yake, ambayo mwaka 1944 ilirekodi "Cherry Red Blues", mwimbaji akiwa Eddie Vinson, na pia "'Round Midnight" ya Thelonious Monk, iliyokuwa haijapata kutiwa katika santuri, piano ikipigwa na Bud Powell, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 20.

Msomaji atakaye kumjua na aanze na santuri ya 1940, aisikilize mara mbili: kwanza kwa ajili ya lahani, kisha akiufuata mkono wa kushoto tu.