Matunzo ya Pikapu Iliyokwenda Mbali: Maji, Mazutu na Mkanda (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu oili ya injini na chujio la hewa. Sehemu hii inaingia katika matengenezo mazito zaidi yanayopangwa kwa hesabu ya kilomita, yaani yale yanayofanywa gari likiwa bado zima ili lisije likaharibika, na inayatazama kwa upande wa pikapu ya dizeli iliyokwisha kupita kilomita 200,000 na inayofanya kazi kati ya Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Mfano unaotumika ni Toyota Hilux za miaka ya 1990 na za mwanzo wa miaka ya 2000 zenye injini ya 2L, 3L au 5L isiyo na turbo, ambazo ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986 kwa mfuatano huo. Injini hizo zimechaguliwa kwa kuwa haziongozwi na kompyuta, na kwa hiyo mtu makini mwenye spana nzuri na kitabu cha matengenezo anaweza kuzihudumia nyumbani kwake.

Kitabu cha mtengenezaji hutoa ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya mazingira magumu, na hiyo ya pili mara nyingi hupunguza muda wa huduma hadi nusu. Mazingira magumu, kwa maana ya kitabu, ni vumbi, mizigo mizito, milima, safari fupi za mara kwa mara na njia mbovu, na pikapu ya Rumonge hukutana na yote hayo katika juma moja, kwa kuwa leo hubeba ndagala sokoni, kesho hubeba madumu ya mawese, na keshokutwa hupanda kwenye vilima vya Bururi ambavyo vilele vyake vinazidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ratiba ya matumizi ya kawaida haiwahusu kabisa watu wa ufuoni. Zaidi ya hayo, magari mengi hufika yakiwa yametumika kwingine, yakapitia bandari ya Dar es Salaam, na kipima kilomita chake huenda kilirudishwa nyuma au dashibodi nzima ilibadilishwa, hivyo tarakimu inayosomeka haithibitishi kitu. Hatari ya gari kuukuu haimo katika wingi wa kilomita. Imo katika kutojua ni lini kila kitu kilibadilishwa. Ndiyo maana mwenye gari anashauriwa kufanya huduma moja kamili, kuandika tarehe na kilomita za siku hiyo katika daftari, na kuanza kuhesabu upya kutoka hapo, kana kwamba hakuna lililofanywa kabla.

Mafundi hodari wapo, na wengi wanajulikana kuwapo Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, ambako garaji na maduka ya spea yamesongamana. Hata hivyo Buyenzi ni kilomita 75 hivi kutoka Rumonge, na uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi katika miaka ya 2020, ambao mwaka 2024 ulikuwa mkali mno, umeifanya safari ya kwenda garaji kuwa gharama kubwa kuliko huduma yenyewe. Kazi ya nyumbani imekuwa lazima, na kwa kuwa ni lazima, inafaa ifanywe vizuri. Sharti la kwanza ni usalama: gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, na fremu ikalishwe juu ya stendi za chuma kabla mtu hajaingia chini yake. Jeki ni ya kuinulia tu, wala si ya kutegemewa, na tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Mfumo wa kupoza injini ndio unaostahili kutazamwa kwanza, kwa sababu kichwa cha injini ya 2L kimejulikana tangu zamani kwa kupasuka kinapozidiwa na joto. Hapa ziwa lenyewe limo katika tatizo. Maji ya Tanganyika huonekana safi, na ukilinganisha na ya bahari ni matamu, lakini yana alkali nyingi kiasi kwamba pH yake hukaribia 9, na yamebeba chumvi za madini, hasa magnesi na bikaboneti. Maji ya namna hiyo yanapochemshwa tena na tena ndani ya rejeta, madini huachana nayo na kujishika kwenye kuta za mirija kama magamba meupe, mirija husinyaa, na joto la injini hukosa pa kutokea. Dereva anayejaza rejeta kwa ndoo iliyotekwa ufuoni huona maji yametulia na kuridhika, ilhali kila ndoo inaongeza tabaka. Kinachotakiwa ni kulanti, yaani mchanganyiko wa glikoli na dawa za kuzuia kutu, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri baada ya paa kusafishwa na mvua ya kwanza ni bora mara nyingi kuliko ya ziwa.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Kizibo cha chini ya rejeta hufunguliwa, na kile cha kwenye bloku ya injini pia, ambacho wengi hukisahau na hivyo kuacha sehemu kubwa ya maji machafu ndani. Kisha maji masafi hupitishwa mpaka yanayotoka chini yawe hayana rangi. Mipira yote hubonyezwa kwa vidole, na uliolainika kama uliochemshwa au uliokauka na kuonyesha nyufa hutupwa. Kifuniko cha rejeta nacho kina thamani kuliko bei yake, kwa maana kazi yake ni kushikilia mgandamizo. Kwenye usawa wa ziwa, ambao ni mita 770 hivi juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93. Kifuniko kizima huongeza takriban nyuzi 20 juu ya hapo, na chenye mpira uliochoka hakiongezi chochote. Pikapu inayotembea bila shida mjini Rumonge lakini inachemsha kila inapopanda Bururi mara nyingi inadai kifuniko tu.

Kuna desturi moja inayopaswa kukomeshwa, nayo ni ya kung'oa thamostati, ile vali ndogo inayofunguka kwa joto ili kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Katika injini zenye njia ya mchepuko, vali hiyo inapofunguka huziba pia mchepuko huo. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na matokeo yake ni injini inayokuwa baridi mno tambarare na moto mno mlimani. Thamostati hupimwa kwa kuitia katika sufuria ya maji ya moto na kutazama kama inafunguka, na isiyofunguka hubadilishwa kwa mpya.

Baada ya maji huja dizeli, ambayo ufuoni wengi huiita mazutu. Pampu ya kusukumia dizeli katika injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, na kwa hiyo tone la maji linaloingia humo huleta kutu na msuguano katika vyuma vilivyochongwa kwa usahihi wa hali ya juu. Nyakati za uhaba, mafuta hununuliwa kwa bidoni na chupa, na historia ya bidoni haijulikani. Iliyowahi kubeba maji huacha maji. Iliyowahi kubeba mawese huacha utando ambao katika joto la Rumonge huweza kupita bila kuonekana, lakini mawese huanza kuganda chini ya nyuzi 35 hivi, na gari likipanda kwenye baridi ya mlimani mabaki hayo huweza kuziba chujio, nguvu zikaisha katikati ya kilima. Njia rahisi ya kujilinda ni kutia dizeli iliyonunuliwa katika chupa nyeupe ya kioo na kuiacha usiku kucha bila kuitikisa: maji, yakiwa mazito kuliko dizeli, hukaa chini na kujitenga kwa mstari unaoonekana waziwazi, na dizeli iliyochafuka kwa vitu vingine hubaki na ukungu.

Chini ya chujio la dizeli kuna koki ya plastiki, na juu yake kuna pampu ya mkono. Chombo huwekwa chini, koki hulegezwa, na pampu hubonyezwa kwa kiganja mpaka dizeli itoke safi bila matone ya maji, kisha koki hufungwa kwa vidole pasipo koleo, kwa kuwa plastiki hupasuka. Kazi hii ya dakika chache ifanywe kila mwezi, na kila mara baada ya kununua mafuta ya chupa. Chujio lenyewe, ambalo vitabu huliruhusu kukaa kilomita 20,000 au zaidi, ufuoni lisiachwe kupita 10,000. Jipya hujazwa dizeli safi kabla ya kufungwa, kisha pampu ya mkono hubonyezwa mpaka iwe ngumu, dalili ya kwamba hewa imetoka.

Mkanda wa taimingi ni sura nyingine, na hapa haifai kufanya haraka. Mkanda huo wenye meno huunganisha krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaogeuzwa na pistoni, na kamshafti inayofungua na kufunga vali, pamoja na pampu ya dizeli. Ukikatika, kamshafti husimama huku pistoni zikiendelea kupanda, zikagonga vali zilizobaki wazi, na gharama ya mkanda hugeuka kuwa gharama ya injini nzima. Muda wake wa kawaida ni kilomita 100,000, na taa ya dashibodi huwaka kukumbusha. Lakini katika gari lisilojulikana historia yake, taa iliyozimika haithibitishi kwamba mkanda ulibadilishwa, inathibitisha tu kwamba kuna mtu aliyeizima.

Kabla ya kuuvua, krenkishafti hugeuzwa kwa spana kwa mwelekeo wa saa mpaka alama za puli zote tatu zikabiliane na alama zilizochongwa kwenye injini, na alama hizo hupakwa nukta za rangi nyeupe ili zisipotee machoni. Gurudumu la kukazia mkanda hubadilishwa pamoja nao, na sili za oili zilizo nyuma ya puli hukaguliwa, kwa kuwa mkanda mpya uliolowa oili hufa mapema sawasawa na wa zamani. Mkanda ukishavalishwa na kukazwa, krenkishafti hugeuzwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, na alama hutazamwa tena. Zikikosana hata kwa jino moja, kazi inarudiwa. Kuwasha kwa ufunguo ili kujaribu kabla ya kugeuza kwa mkono ni kosa lisilosameheka, na mkono unaohisi kizuizi usilazimishe. Huu ndio wakati mzuri wa kupima pia nafasi za vali, ambazo kwa 3L na 5L baridi huwa milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa kuingiza hewa na 0.40 hadi 0.50 upande wa moshi. Marekebisho yake yanahitaji vibati maalumu, na asiye navyo apime tu, aandike, na kumwachia fundi.

Oili za giaboksi na difu huonekana kama jambo dogo, lakini kupanda kwa Ziwa Tanganyika katika miaka hii, ambako mwaka 2024 kulizamisha mitaa na barabara za Rumonge karibu na bandari, kumezifanya kuwa jambo kubwa. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili au tundu la kupumulia. Oili iliyoingiwa na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, na ikionekana hivyo imwagwe siku hiyohiyo bila kungoja kilomita. Kizibo cha kujazia kifunguliwe kwanza kabla ya kile cha kumwagia, kwa sababu aliyemwaga oili yote kisha akakuta kizibo cha juu kimeshikwa na kutu amejiachia gari lisiloweza kwenda popote. Difu hutumia oili ya daraja la GL-5. Kwa giaboksi kitabu kifuatwe kwa makini, kwani baadhi ya oili za daraja hilo hula shaba iliyomo ndani.

Huduma kamili ya namna hii huacha lita nyingi za oili chafu yenye masizi na chembe za madini, na mahali pa kuimwaga panapoonekana rahisi zaidi ni mtaro ulio karibu. Mitaro ya Rumonge huishia ziwani. Ziwa hilo lenye kina cha mita 1,470 lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yake mengi hupotea kwa mvuke, hivyo kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Ndiyo sababu Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003. Oili chafu itiwe katika bidoni inayofungika, iandikwe wazi ili isidhaniwe kuwa mawese, na ipelekwe kwenye garaji inayoikusanya. Komuni ya Rumonge ingefanya jambo jema sana kuweka pipa la oili chafu karibu na soko na jingine bandarini, na wenye magari waliombe kwa pamoja, kwa sababu wao ndio wanaoizalisha, na samaki wa ziwa hilo ndio wanaobebwa na pikapu zao.

Sehemu ya tatu itaeleza breki, beringi za magurudumu na springi.