Mbwa anayemwongoza asiyeona: anafanyaje kazi, na sisi Mara tunajifunza nini?

Wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wamekuwa wakituuliza kuhusu video zinazozunguka kwenye simu. Mtu asiyeona anatembea katika mji mkubwa akiongozwa na mbwa, na mbwa huyo anaingia naye dukani, hospitalini, hata kwenye ndege. Wapo wanaocheka, wapo wanaoshangaa. Kwetu mbwa ni mlinzi wa boma na mifugo. Akisogelea chakula anafukuzwa. Leo tunaeleza mbwa huyo ni nani na kwa nini habari yake inatuhusu.

Alianzia wapi?

Shule ya kwanza ya kufundisha mbwa hawa ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916. Askari wengi walikuwa wakirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakiwa wamepoteza macho. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alitoka Uswisi na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata Marekani ikapata shule yake.

Anafanyaje kazi?

Wengi wanadhani mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Anayejua njia ni mtu. Yeye ndiye anayekumbuka kona, anayesikiliza magari, anayetoa amri: mbele, kulia, kushoto. Mbwa humwepusha na shimo, mtaro au tawi lililoinama usawa wa kichwa, na husimama wakifika ukingoni mwa barabara.

Somo gumu kuliko yote ni kukataa amri. Mtu akisema "mbele" na gari linakuja, mbwa hasogei. Ndiyo maana mafunzo ni marefu, na mbwa huanza kazi akiwa na umri wa karibu miaka 2.

Wapo pia mbwa wa kazi nyingine. Kuna anayemgusa kiziwi mlango ukigongwa au mtoto akilia. Kuna anayemwokotea vitu mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kuna anayekaa na mtu mwenye kifafa hadi apate nafuu.

Mkoa wetu hupokea wageni wengi wanaokwenda Serengeti, kwa hiyo siku moja unaweza kukutana na mbwa kama huyo. Usimguse, usimwite, usimpe chakula, na wazuie watoto wasimrushie mawe. Akikosea hatua moja kwa sababu yako, anayeanguka ni mtu. Ukitaka kuzungumza, zungumza na mwenyewe.

Kwetu anayeongoza ni nani?

Kwetu macho ya mzee asiyeona mara nyingi ni mtoto. Mtoto anashika ncha moja ya fimbo, babu anashika nyingine, wanakwenda mnadani, kliniki au kanisani. Ni upendo, na hatuubezi. Lakini siku ya mnada ni siku ya masomo pia, na mtoto huyo hayuko darasani. Hili ndilo video hazisemi: mahali mbwa anapoongoza, mtoto yuko shule, na babu anatoka anapotaka yeye.

Hatusemi kila kijiji kitafute mbwa wa namna hiyo. Kumfundisha mmoja hugharimu fedha nyingi sana. Zaidi ya hapo, mbwa wanaozurura vijijini wangemshambulia, na kichaa cha mbwa bado ni hatari kwetu.

Kilicho karibu zaidi ni fimbo nyeupe. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza macho kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Leo fimbo hiyo ni ndefu, na hupapasa ardhi kushoto na kulia, hatua moja mbele ya mguu. Nayo ina mafunzo yake. Haitoshi kumkabidhi mtu na kuondoka.

Tufanye nini?

Kwanza, familia yenye mtu asiyeona ianze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Uliza kuhusu fimbo na mafunzo ya kuitumia. Mtoto asiyeona asifichwe nyumbani. Shule ya Msingi Mwisenge hapa Musoma, aliyosoma Mwalimu Nyerere, ina wanafunzi wasioona.

Pili, dereva wa gari au bodaboda, ukiona fimbo nyeupe simama. Usipige honi mfululizo. Unamziba masikio anayovukia.

Tatu, ukitaka kumsaidia asiyeona, usimvute mkono. Msalimie, muulize kama anahitaji msaada, kisha mwache ashike kiwiko chako, wewe utangulie nusu hatua.

Nne, kama ni lazima mtu amsindikize mzee mnadani, watu wazima wa nyumbani na majirani wapeane zamu.

Kila tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe. Tusisubiri siku hiyo. Ukimwona mtoto akimwongoza babu barabarani saa nne asubuhi siku ya shule, sogea, salimia, uliza wanakokwenda. Pengine ni njia yako pia, na mtoto anaweza kurudi darasani.