Kadi ya michezo kwa kompyuta ya zamani

Mama wenzetu, watoto wakilalamika kwamba mchezo unakwama, tusikimbilie kununua kompyuta nyingine. Nyingi tunazopata hapa Lubumbashi ni mitumba ya ofisi za Ulaya: sanduku jembamba, na kifaa cha kugawa umeme ndani ni kidogo. Tupime nafasi, tusome wati.

Kadi ya GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, hutumia wati 75 hivi, kiasi ambacho tundu lake huweza kutoa. Tuchague isiyodai waya wa ziada, na yenye kimo kifupi.

Za bandia zipo: jina GTX 1050 Ti, ndani kadi kuukuu. Muuzaji aiwashe mbele yetu kwa programu ya GPU-Z. Mara nyingi ya bandia huandikwa “FAKE”. Akikataa, pesa ya minerval ibaki mkobani.