Bankstown: Mafanikio ya mipango ya serikali ya kukuza uchumi hupimwaje?

Bankstown, kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, ni makazi ya wahamiaji kutoka Lebanon, Vietnam na mataifa mengine mengi. Ni eneo ambalo kwa miaka mingi ukosefu wa ajira umekuwa juu kuliko sehemu nyingi za jiji hilo, na serikali zilizopokezana madaraka zimelipelekea mipango ya aina kwa aina. Je, fedha hizo za walipa kodi zimezaa matunda gani, na ni nani awezaye kujua?

Paul Keating, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia kuanzia mwaka 1991 hadi 1996, alikulia Bankstown. Mwezi Mei mwaka 1994 serikali yake ilitangaza mpango ulioitwa Working Nation, uliotengewa dola bilioni 6.5 za Australia kwa miaka minne. Waliokosa kazi kwa miezi 18 au zaidi waliahidiwa kazi ya miezi 6 hadi 12. Tathmini iliyofanywa mwaka 1996 ilibainisha kwamba ruzuku ya mishahara waliyopewa waajiri binafsi iliwasaidia watu kupata ajira ya kudumu kuliko kazi za muda zilizoundwa kwa fedha za serikali. Hata hivyo, serikali ya John Howard iliyoingia madarakani mwaka huohuo iliifuta sehemu kubwa ya mpango huo.

Ugumu wa kupima mipango ya namna hii unatokana na swali moja: kungetokea nini lau mpango usingekuwapo? Chukulia kwamba watu 100 wameingizwa katika mpango na 40 kati yao wamepata kazi. Idadi hiyo inapendeza kutajwa bungeni. Lakini ikiwa 35 kati ya hao wangeipata kazi hata bila msaada, faida halisi ni ya watu watano tu. Tena, iwapo mwajiri amemwachisha kazi mtu mmoja ili amchukue mwingine mwenye ruzuku, faida hiyo inapungua zaidi.

Mwaka 1997 serikali ya Howard ilianzisha mpango wa Work for the Dole, ambao uliwataka wanaopokea posho ya wasio na ajira kufanya kazi za kijamii. Watafiti Jeff Borland na Yi-Ping Tseng wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliwalinganisha walioshiriki katika awamu ya majaribio na watu wa hali kama yao ambao hawakushiriki. Ilionekana kwamba washiriki walichelewa zaidi kuachana na posho. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba muda wa kutafuta ajira ulitumika katika kazi hizo. Tathmini nyingine, ya mwaka 2014 hadi 2015, ilikuta uwezekano wa kupata kazi umeongezeka kwa takriban pointi 2 tu za asilimia, kutoka kiwango cha asilimia 14.

Mwaka 2011 serikali ya Julia Gillard iliiteua Bankstown kuwa miongoni mwa maeneo kumi ya kupewa msaada maalumu. Hapo lilijitokeza tatizo jingine la upimaji. Mtu aliyepata kazi nzuri huenda akahamia kwingine, na nafasi yake ikachukuliwa na mhamiaji mpya asiye na ajira. Takwimu za kitongoji hubaki palepale, ilhali maisha ya mtu yamebadilika. Kwa hiyo hesabu ya eneo peke yake haitoshi. Sharti watu wenyewe wafuatiliwe.

Funzo hilo halihusu Australia pekee. Kaskazini mwa Uganda, serikali iliwapa vijana ruzuku za kujifunza ufundi na kuanzisha biashara, wastani wa takriban dola 382 za Marekani kwa kila mtu. Kwa kuwa waombaji walizidi fedha zilizokuwapo, vikundi vilichaguliwa kwa kura, na hivyo likapatikana kundi la kulinganishia lisilo na upendeleo. Baada ya miaka minne, mapato ya waliopewa yalikuwa juu kwa asilimia 38. Lakini baada ya miaka tisa, wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa mapato. Aliyepima mapema alishangilia. Aliyesubiri aliona kwamba ruzuku iliwatangulizia vijana hao hatua, bali haikuwaacha wenzao nyuma daima.

Mwaka 2023 Australia iliunda kituo maalumu cha tathmini ndani ya Wizara ya Fedha, kwa lengo la kuijaribu mipango ya serikali kwa njia za namna hiyo. Ni hatua muhimu, kwani anayeumia kwa mpango usiopimwa si mlipa kodi peke yake. Anaumia zaidi kijana wa Bankstown, au wa Gulu, anayetumia mwaka mzima wa ujana wake katika mpango ambao hakuna aliyejali kuuliza kama unasaidia.